Nafasi Iliyoachwa Wazi Barabarani



Wiki hii sianzi na somo la Jumapili. Naanza na pikipiki. Najua ukisikia pikipiki unawaza kijiwe cha bodaboda, abiria wawili na kuku mmoja kwenye usukani. Hizi ninazozisema ni nyingine kabisa. Ni kubwa, nzito, ikikulalia mguuni utahitaji watu watatu wa kukuokoa. Na wanaoziendesha wengi ni wazee. Wazee kweli, miaka sabini na kitu, ndevu nyeupe, vizibao vya ngozi vilivyojaa beji, magoti yanayogoma wakishuka.

Mnaonifahamu mnajua niko Kansas kwa masomo, mwaka wa pili sasa. Ni katikati kabisa ya Marekani, mashamba ya ngano mpaka macho yachoke. Mwezi Mei parokia ninayosali iliomba watu wa kujitolea kuhudumia chakula cha jioni kwa msafara wa pikipiki utakaolala mjini. Nilijiandikisha kwa sababu ambayo si ya kiroho hata kidogo: niliambiwa kutakuwa na nyama ya kuchoma.

Msafara wenyewe unaitwa Run for the Wall, yaani mbio za kuelekea Ukutani. Ulianza mwaka 1989. Askari wachache waliokuwa wamepigana Vietnam waliwasha pikipiki zao huko California wakavuka nchi nzima hadi Washington, kwenye ukuta wa kumbukumbu ya wenzao. Walidhani ni safari ya mara moja. Tangu hapo imekuwa ya kila mwaka, na sasa wanakwenda mamia kwa mamia, kwa njia zaidi ya moja. Wanaanzia mji wa Ontario, California, katikati ya Mei, na wanafika Washington Ijumaa iliyo kabla ya Memorial Day, ile Jumatatu ya mwisho ya Mei ambayo Wamarekani huwakumbuka waliokufa vitani. Siku kumi barabarani, takriban kilomita 4,000. Njia ya kati inapita Gallup, New Mexico, inapanda milimani hadi Angel Fire, inashuka Limon, Colorado, kisha inaingia kwetu Kansas na kuendelea mashariki.

Angel Fire ina habari yake. Kuna kanisa dogo jeupe juu ya kilima, lilijengwa na baba mmoja, Victor Westphall, baada ya mwanawe David kuuawa Vietnam Mei 1968. Hakusubiri serikali ijenge kitu. Lilizinduliwa mwaka 1971, vita bado inaendelea, na ukuta wa Washington haujawa hata wazo. Mzazi na huzuni yake, akachukua saruji. Wapanda pikipiki wakifika pale huzima injini na kupanda kimya kimya.

Basi, Jumapili jioni tukasimama kwenye daraja linalopita juu ya barabara kuu namba 70, watu wa parokia, watoto, wazima moto na gari lao, kuwapokea. Unaanza kuwasikia kabla ya kuwaona. Kama ngurumo za masika zikitokea upande wa ziwa. Halafu zikatokea taa, mbili mbili, mbili mbili, hazina mwisho.

Mbele ya msafara kulikuwa na kikundi kidogo kinachoendesha kwa mpangilio maalumu. Wote wawili wawili, bega kwa bega, isipokuwa sehemu moja. Pale alipo mmoja, ubavuni mwake hakuna mtu. Nikamuuliza mama aliyekuwa karibu nami, yule mwingine kaharibikiwa njiani? Akatikisa kichwa. Akaniambia nafasi ile ni ya asiyekuwepo. Ya aliyekufa, ya aliyetekwa, ya yule ambaye mpaka leo hajulikani mwili wake uko wapi. Wanaiacha wazi makusudi. Hakuna anayeruhusiwa kuiziba, kuanzia California mpaka Washington.

Jamani, ile nafasi ilinikaa. Nimeona maandamano mengi, ya Ekaristi, ya Matawi, ya Siku ya Mashujaa, lakini sijawahi kuona watu wakimpa asiyekuwepo sehemu yake halisi ya barabara, mita kadhaa za lami.

Jioni ukumbini nilipewa kazi ya kupitisha kahawa. Hapo ndipo nikasikia salamu yao. Mzee mmoja anamwendea mwingine ambaye hawajawahi kuonana, anamshika mkono, anamwambia: Karibu nyumbani. Basi. Na yule mwingine, jitu zima la kilo mia na ushee, macho yanamjaa. Nilidhani ni mchezo wa kundi lao. Kumbe hawa waliporudi kutoka Vietnam miaka ile ya sitini na sabini, nchi ilikuwa imegawanyika juu ya vita hiyo, na wengi hawakupokewa na mtu. Wengine walitukanwa. Wengine walivua sare kabla ya kufika mtaani kwao ili wasijulikane. Wapo waliolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza miaka ishirini baadaye, kutoka kwa mgeni, kando ya pampu ya mafuta.

Sasa najua kuna mtu hapa ameshaanza kukunja uso. Vita ile ilikuwa na haki gani? Na Wavietnamu je? Swali zuri, na Mkatoliki hapaswi kulikwepa. Wavietnamu waliokufa ni wengi mara nyingi kuliko Wamarekani, na hawamo kwenye ukuta ule. Mwaka 1965, Papa Paulo VI alisimama Umoja wa Mataifa akaisihi dunia iachane na vita kabisa, na ni mwaka huo huo Marekani ilikuwa inamimina majeshi yake Vietnam. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 79, unawatambua askari wanaotimiza wajibu wao kwa haki kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa watu, na namba inayofuata unalaani bila kuuma maneno kuangamiza miji mizima na wakazi wake. Yote mawili yapo katika hati moja, na sisi tunatakiwa kuyabeba yote mawili. Lakini kijana wa miaka kumi na tisa aliyepelekwa na kurudi amevunjika ndani, huyo hatumpi mtihani wa siasa kabla ya kumpa kiti.

Nikafika kwa mzee mmoja aliyekaa peke yake pembeni, nikamjazia kikombe. Akaniuliza natoka wapi. Tanzania, nikamwambia. Akaniuliza, huko kwenu kuna maveterani? Nikajibu haraka, kama mtu anayejibu mtihani: ndiyo, babu yangu alipigana vita ya Kagera, mwaka 1978 na 1979, vita ya Idi Amin, walifika mpaka Kampala.

Mzee akaweka kikombe chini. Akatoa kwenye mfuko wa kizibao karatasi iliyokunjwa kunjwa, imejaa majina kwa mwandiko wa aina aina. Akasema kila mwaka anabeba majina anayopewa njiani, anayasoma akifika Ukutani, hata kama si ya vita ile. Akanisogezea kalamu. Akauliza: Babu yako alimpoteza nani?

Sikuwa na jina.

Hapa, wapendwa, ndipo nataka kusema kitu ambacho sijawahi kukiandika. Babu yangu alikuwa akipiga kelele usiku. Nyumba yetu huko Mara ilikuwa ya vyumba vitatu, mnasikia kila kitu. Saa saba, saa nane, anaita jina la mtu, anaita kwa nguvu, halafu kimya, halafu unamsikia bibi akimbembeleza kama mtoto. Watu wazima walisema ni pombe. Ni kweli alikunywa. Sisi wajukuu tuliifanya mchezo. Mchana nyuma ya jiko mmoja analala chini anajifanya babu, anaita lile jina, wengine tunacheka mpaka tunagaragara. Tuliliita hovyo hovyo hadi likapoteza umbo, likawa mlio tu. Na siku moja zamu ya kulala chini ilikuwa yangu, na nilipofungua macho babu alikuwa amesimama pale na kigoda chake mkononi. Hakunichapa. Hakusema neno. Akageuka, akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba, na tangu siku hiyo alihamia kukaa kule.

Alifariki mwaka 2016. Nilikuwa kidato cha tatu. Nilibeba msalaba kwenye maziko, katekista alinisifu kwa utulivu wangu.

Kwa hiyo mzee wa Kimarekani ananiuliza jina, na mimi kichwani nina ule mlio wetu wa nyuma ya jiko. Nilimwambia sijui. Hakunilaumu. Alisema wanaondoka saa moja na nusu asubuhi, nikilipata nimletee.

Nilitoka nje nikapiga simu. Kwao ilikuwa bado alfajiri. Kuna tofauti ya saa nane, na nilijua bibi ameshaamka kwa sala za asubuhi. Baada ya salamu nikamuuliza moja kwa moja: Shikamoo tena bibi, babu alikuwa anamwita nani usiku?

Kimya kirefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, mjukuu wangu, nimeishi na mtu huyo miaka yote hiyo, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza.

Akanitajia jina, majina mawili kamili, jina la ubatizo na la ukoo. Silitaji hapa, lina wenyewe. Alikuwa mwenzake babu, walitoka tarafa moja, walivuka pamoja baada ya daraja la Kyaka, wakatembea pamoja kuelekea Masaka. Hakufika. Babu alikuwa naye. Bibi anajua zaidi ya hayo na hakuniambia usiku ule, na mimi sikusukuma. Ila alisema jambo moja: babu hakuwa akipiga kelele kwa hofu. Alikuwa anamwita arudi nyuma.

Mnakumbuka wale wanafunzi wawili wa Emau, Luka 24. Wanatembea na uso wa huzuni, wameona mtu wao akiuawa, matumaini yamekwisha, wanarudi kijijini. Yesu anawafikia njiani. Sasa angalia anachofanya kwanza. Hawahubirii. Anawauliza mnazungumza nini? Wanashangaa, hivi wewe peke yako hujui yaliyotokea? Na yeye, ambaye ndiye aliyesulubiwa, anayejua kuliko wao, anauliza tena: mambo gani? Anawaacha waseme yote, mpaka mwisho, mpaka habari za kaburi tupu ambazo hawaziamini. Maandiko yanakuja baadaye. Mkate unakuja jioni. Kwanza kabisa Bwana Mfufuka alikuwa mwenzi wa safari aliyeuliza swali. Nimesikia mahubiri mengi juu ya Emau, karibu yote yanakimbilia kuumega mkate. Mimi sasa naona kilomita zile za barabarani.

Na mwili wake wa ufufuko ulikuwa na makovu. Tomaso aliambiwa aguse. Yesu angeweza kufufuka mzima bila alama, hakufanya hivyo.

Mnaweza kusema haya ni ya Wamarekani na pikipiki zao. Ngoja niwape watu wawili. Kilomita chache tu kutoka hapa nilipo kuna kijiji cha Pilsen, alikozaliwa Padre Emil Kapaun, kasisi wa jeshi. Katika vita ya Korea, Novemba 1950, wenzake walipokuwa wakirudi nyuma yeye alibaki na majeruhi, akatekwa nao. Kambini aliwafulia nguo wagonjwa wa kuhara, aliiba chakula akawagawia, aliongoza sala wakati zimekatazwa. Alikufa humo tarehe 23 Mei 1951, akiwa na miaka 35. Mwili wake ulirudishwa Marekani pamoja na miili mingine bila kutambuliwa, ukazikwa Hawaii kama wa askari asiyejulikana. Miaka 70 nafasi yake ilikuwa wazi. Mwaka 2021 akatambuliwa, akazikwa katika Kanisa Kuu la Wichita, na mchakato wa kumtangaza mtakatifu unaendelea. Nilikwenda kusali pale. Kaburi ni zuri, lakini nilichofikiria ni wale waliokataa kuacha kumtafuta miongo yote hiyo.

Wa pili atawahusu zaidi nyinyi wa kanda ya ziwa. Mapadre wa Maryknoll waliofika Musoma mwaka 1946, waliombatiza bibi yangu, ni ndugu katika shirika moja na Padre Vincent Capodanno. Yeye alikuwa mmisionari Taiwan, kisha akaomba kwenda na askari Vietnam. Tarehe 4 Septemba 1967, katika bonde la Que Son, alikuwa ameshajeruhiwa, akakataa kuondolewa, akamkimbilia askari mwuguzi aliyeangushwa mbele ya bunduki ya rashasha. Wakafa. Jina lake limo katika ule Ukuta wa Washington, miongoni mwa majina zaidi ya 58,000. Hakuna cheo mbele ya jina lolote pale, na yamepangwa kwa jinsi walivyoanguka, siku kwa siku. Padre amelala katikati ya wanawe. Jiwe lenyewe ni jeusi na linang'aa, ukilitazama jina unajiona na wewe ndani yake.

Asubuhi ya Jumatatu nilifika uwanjani saa moja na dakika kumi, nimevaa jaketi juu ya pajama, karatasi mkononi. Mzee alikuwa anafunga kofia. Aliisoma, akaniuliza linatamkwaje, nikamfundisha, akarudia mara tatu mpaka akalipata vizuri kuliko tulivyowahi kulitamka sisi nyuma ya jiko. Akaitia mfuko wa kushoto. Halafu akanishika bega akasema, na babu yako mwambie karibu nyumbani. Nikamwambia amefariki. Akasema, najua. Mwambie.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kitubio. Sikujua nianze vipi, utoto ule wa miaka kumi ni dhambi au si dhambi? Padre alinisikiliza bila haraka, na nilipomaliza aliniuliza kama bado kuna mtu hai wa kusikilizwa.

Yupo. Bibi yupo. Na huko mliko wapo. Mwezi wa saba mtafanya Siku ya Mashujaa, kutakuwa na mkuki na ngao na shada la maua, VIWAWA mtaalikwa kuimba, na ni vizuri. Lakini yule mzee wa jumuiya yenu anayekaa benchi la nyuma na kuondoka kabla ya matangazo, ambaye mnasema ana kichaa cha jeshi, mmeshamfikia nyumbani? Si kumhoji kama waandishi wa habari. Mpelekee sukari, kaa. Akitaka kusema mvua haijanyesha, zungumzeni mvua. Huenda usipate jina mara ya kwanza, wala ya tano. Na kuna wengine hawatasema kabisa, waheshimu hivyo hivyo, endesha ubavuni mwao tu. Usijaribu kuziba nafasi ya mtu.

Wale wenye wapendwa waliolala Kaboya, katika makaburi ya mashujaa wa vita ya Kagera, andikeni majina yao kwenye bahasha za nia za Misa. Majina kamili.

Bibi naye hakungoja nimshauri. Siku tatu baada ya simu yetu alitembea mpaka parokiani, na magoti yake yale, akalipia Misa. Karani akamwuliza nia ni ya marehemu nani, akataja la babu. Akaambiwa haya mama, tumeandika. Akasema, bado, wako wawili.